Plazmidi, lambda, kosmidi, BAC au YAC: DNA yako ipande chombo gani?

Mwangaluka wadau. Jumamosi iliyopita dogo mmoja wa kwetu, mtoto wa baba mdogo, alikuja hapa Nyakato, Mwanza, na laptopu yake na sura ya mtu anayedaiwa kodi ya miezi sita. Anasoma masters, andiko lake la utafiti linatakiwa ndani ya wiki mbili na kwenye ile sehemu ya mbinu ameandika "kipande kitawekwa kwenye vekta" basi, nukta. Vekta ni kile chombo cha kubebea DNA. Akaniuliza, kaka we umeshakaa maabara, niambie tu, vekta ipi ni kali kuliko zote? Nikamuuliza, mzigo wako una urefu gani? Akacheka, akadhani namtania.

Sikuwa natania. Nenda pale Mwaloni Kirumba umuulize mtu usafiri upi ni mzuri, boda, guta, hiace au fuso, bila kusema una ndoo moja ya dagaa au magunia hamsini, uone watakavyokuangalia.

Kumbe mzigo wake ni jeni la jicho la furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Wale furu wetu wa kwenye miamba, kuna mwekundu anaitwa Pundamilia nyererei, ndiyo, kapewa jina la Mwalimu, na kuna ndugu yake wa bluu Pundamilia pundamilia. Kwenye visiwa vyetu kama Makobe yule wa bluu anakaa juu juu na mwekundu anashuka chini kidogo, kule ambako mwanga unaopenya maji yetu ya tope umebaki wa upande wa wekundu zaidi, na jeni moja la kuonea linaitwa LWS linatofautiana kati yao. Dogo anataka alinakili hilo jeni. Likiwa katika hali ya cDNA, yaani DNA iliyonakiliwa kutoka kwenye RNA ya jicho bila introni (vipande vya katikati ya jeni ambavyo seli inavikata na kuvitupa), lina kama 1.1 kb tu, na kb 1 ni besi elfu moja, yaani herufi elfu moja za DNA. Lakini lengo lake la pili linasema anataka "eneo lote la jeni pamoja na majirani zake", na majirani wenyewe ni SWS2A na SWS2B wamekaa foleni moja na LWS kwenye kromosomu, asa hapo tumetoka kwenye ndoo ya dagaa tumeingia kwenye magunia. Mtu mmoja, mizigo miwili, na chombo kimoja hakiwezi kumfaa kote kote.

Kwa asiyejua tunaongelea nini: ukichukua kipande cha DNA ya samaki ukakitupa kikavu ndani ya E. coli, bakteria wa kazi wa maabara, hakuna kitakachonakiliwa. Kwanza kipande kilichonyooka chenye ncha wazi kinatafunwa na vimeng'enya vya bakteria mwenyewe, na hata kikipona hakina ile sehemu ambayo mashine ya bakteria inaitambua kama mahali pa kuanzia kunakili. Kwa iyo unakigundisha kwenye DNA nyingine ambayo bakteria anaikubali kama yake, hiyo ndiyo vekta, alafu bakteria akigawanyika anabeba na mzigo wako bila kujua. Stanley Cohen na Herbert Boyer walifanya hivyo mwaka 1973 na plazmidi pSC101 na kimeng'enya cha kukatia EcoRI, mwaka uliofuata wakaingiza DNA ya chura wa Kiafrika, Xenopus, na bakteria akainakili vizuri tu. Insulini ya binadamu ambayo watu wanaitunza kwenye friji zao leo ilianzia humo humo, mwaka 1978 ilitengenezwa kwa mara ya kwanza ndani ya E. coli, na 1982 ikaruhusiwa kuuzwa.

Vigezo kwanza

Kabla hatujagusa chombo chochote, haya ndiyo nilimwandikia dogo nyuma ya karatasi: kipande kina urefu gani, utakiingizaje ndani ya seli, unataka nakala nyingi au chache, utamjuaje aliyebeba mzigo kati ya mamilioni, mzigo utakaa vile vile au utachakachuliwa njiani, na mwisho, maabara yako ina vifaa gani na umeme wako ukoje. Cha kwanza kinaondoa nusu ya machaguo. Cha mwisho ndicho watu wanasahau kuandika, na ndicho kinachowaliza.

Wagombea ni watano. Plazmidi ni duara dogo la DNA linaloishi ndani ya bakteria pembeni ya kromosomu yake. Lambda ni faji, kirusi kinachoshambulia bakteria, kimetolewa sehemu zisizohitajika ili mzigo uingie. Kosmidi ni plazmidi iliyoazima kipande kidogo cha lambda. BAC ni kromosomu bandia ya bakteria, na YAC ni kromosomu bandia ya hamira, hamira ile ile ya maandazi.

Mzigo: urefu wa kipande

Plazmidi ya kawaida kama pUC19, yenyewe ina besi 2,686 tu, inabeba vizuri mpaka karibu kb 10. Unaweza kulazimisha zaidi ya hapo. Mi nililazimisha. Niliweka kipande cha kb 14, nikahangaika karibu wiki tatu napata koloni, yaani vichungu vya bakteria kwenye pleti, za bluu tupu (bluu maana yake hakuna mzigo, nitaeleza chini), na zile nne nyeupe nilizopata kwa shangwe zote zilikuwa zimekata sehemu ya kipande changu na kukitupa. Hakuna mtu wa kumlaumu hapo, nilikuwa nimepakia fuso kwenye boda.

Lambda ina genomu, yaani DNA yake yote, ya besi 48,502 na ina tabia moja ambayo ukielewa hiyo umeelewa lambda nzima. Kichwa cha faji hakijazwi ovyo. DNA ikiwa chini ya asilimia kama 78 ya urefu wa kawaida, hupati faji anayefanya kazi, ikizidi kama asilimia 105, haiingii. Hiace ya Buhongwa hiyo, haiondoki mpaka ijae na ikishajaa kondakta hata akusukume vipi mlango haufungi. Kwa iyo kuna lambda za kuchomeka kipande kidogo, na kuna za kubadilisha, ambazo sehemu ya katikati inatolewa kabisa na mzigo wako unakaa pale, hizo zinachukua kama kb 9 mpaka 23. Na angalia uzuri wake: kwenye zile za kubadilisha, vekta tupu isiyo na mzigo ni fupi mno, haifungiki kwenye kichwa, inajichuja yenyewe.

Kosmidi, waliyoitengeneza Collins na Hohn mwaka 1978, ilichukua kutoka lambda ile sehemu inayoitwa cos tu, ambayo ndiyo tiketi ya kuingia kwenye kichwa cha faji. Kila kitu kingine cha kirusi kimeachwa nyumbani kwa iyo nafasi inabaki kubwa, kb 35 mpaka 45. Lakini kumbuka hiace ni ile ile, kwa iyo na huku kipande kifupi hakisafiri.

BAC ilitoka mwaka 1992 pale Caltech, imejengwa juu ya plazmidi F, ile inayosaidia bakteria kupeana DNA. Inabeba mpaka kb 300, ingawa maktaba nyingi, yaani mikusanyiko ya vipande vya genomu nzima kila kimoja kwenye chombo chake, zina wastani wa kama kb 150. Na YAC ya mwaka 1987, kazi ya Burke, Carle na Olson, inaanzia kb 100 na kupita hata kb 1,000, hiyo sasa ni meli.

Kwanini urefu unaumiza kichwa kiasi hiki? Fanya hesabu na mimi. Chukua samaki mwenye genomu ya kama kb milioni 1, perege na furu wako karibu na hapo. Unataka maktaba yenye uhakika wa asilimia 99 kwamba kipande unachokitafuta kimo humo. Gawanya genomu kwa urefu wa kipande, zidisha kwa 4.6. Kwa plazmidi za kb 5 unahitaji kloni, yaani koo za bakteria kila moja na kipande chake, karibu 920,000. Lambda za kb 20, kama 230,000. Kosmidi za kb 40, 115,000. BAC za kb 150, kama 31,000. YAC za kb 500, kama 9,200. Sasa jiulize pleti ngapi, friji ngapi, na nani atakaa anachokonoa koloni laki tisa kwa kijiti cha meno.

Mlango: DNA inaingiaje

Hapa ndipo tofauti inakuwa tamu.

Plazmidi unaiingiza kwa kumtesa bakteria kidogo. Unakuza E. coli mpaka wawe kwenye kasi ya kuzaliana, unawaosha kwa kalsiamu kloraidi ya baridi, unawaweka kwenye barafu na DNA dakika 30, alafu unawachovya kwenye maji ya nyuzi 42 kwa sekunde kama 45 huku unahesabu kwa mdomo, unawarudisha kwenye barafu dakika 2, unawapa supu ya chakula saa moja kwenye nyuzi 37 wapumue na watengeneze kinga ya dawa, ndo unawapaka kwenye pleti. Vifaa ni ndoo ya barafu, sufuria ya maji yenye kipimajoto na inkubeta, basi. Wanaoingiwa ni wachache sana, bakteria mmoja kati ya maelfu, lakini huna shida na wengi, wale wachache watazaliana usiku kucha. Kadiri duara linavyokuwa kubwa ndo linavyozidi kugoma kupita mlango huu.

Lambda na kosmidi hazimtesi mtu, zinatumia mlango wa kirusi. DNA yako inafungwa ndani ya vichwa vya faji kwenye tyubu, unachanganya tu na mchanganyiko wa protini za faji uliotengenezwa tayari na faji zinajijenga zenyewe mbele yako, ingawa huoni kitu ni kamaji tu. Alafu unazimwaga kwa E. coli na faji linadunga DNA ndani kama sindano. Siri ambayo hakuna aliyeniambia mapema: lambda inashikilia bakteria kwenye tundu analotumia kuingizia sukari ya maltosi, kwa iyo ukikuza bakteria wako bila maltosi, matundu yanakuwa machache na faji zinabaki zinazurura. Weka maltosi, weka na magnesiamu. Tofauti ya lambda na kosmidi inaanzia hapo ndani: lambda ikishaingia inafanya ukirusi wake, inazaliana na kumpasua bakteria. Kosmidi ikiingia, zile ncha zake mbili zenye besi 12 za kupachikana zinakutana, inakuwa duara, na inaishi kistaarabu kama plazmidi. Imepanda gari la kirusi ikashuka raia mwema.

BAC ni kubwa mno kwa maji ya moto, inaingizwa kwa shoti ya umeme. Bakteria waliooshwa mpaka hawana chumvi wanawekwa kati ya bamba mbili zenye nafasi ya milimita 1, unabonyeza, volti kama 1,800 zinapita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ngozi ya seli inatoboka kidogo. Chumvi ikibaki kwenye DNA yako utasikia pa! kama fyuzi ya jirani, na sampuli imekwenda. Mara ya kwanza nilivyosikia huo mlio niliangalia juu kwenye taa nikijua umeme umekatika.

YAC inadai uvue hamira ukuta wake kwa vimeng'enya, ubaki na seli laini zinazopasuka ukizitikisa vibaya, ndo uingize DNA kwa msaada wa kalsiamu na poliethilini glaikoli. Inawezekana, watu wamefanya sana. Ila ni kazi ya mtu mwenye mkono mwepesi na asiye na haraka, na hamira nayo inagawanyika kila dakika kama 90 wakati E. coli kwenye chakula kizuri ni dakika 20.

Nakala: unavuna kiasi gani

pUC19 inakaa nakala 500 mpaka 700 ndani ya bakteria mmoja. Babu yake pBR322 alikuwa na 15 mpaka 20. Ndo maana mtu akikuza mililita 5 za pUC19 usiku mmoja asubuhi anapata DNA ya kutosha kukata, kutuma kusomwa na kubakiza. Lambda nayo inatoa nyingi maana ni kirusi, inazaliana mpaka mwenyeji afe. Kosmidi iko katikati, na inategemea imejengwa juu ya plazmidi gani.

BAC ni nakala 1 au 2 kwa seli. YAC ni kama 1. Unakuza chupa nzima unapata kiduchu, na kwenye YAC kiduchu hicho kimechanganyika na kromosomu 16 za hamira mwenyewe ambazo nazo ni DNA ndefu zilizonyooka kama yako, kuitenga lazima jeli maalumu ya umeme unaobadilisha mwelekeo. Usidharau uchache lakini, nitaurudia hapo chini, una faida.

Utamjuaje aliyebeba

Plazmidi ina jeni la kuhimili ampisilini, pleti ina ampisilini, asiyebeba anakufa. Hiyo inakuambia nani ana plazmidi, haikuambii kama plazmidi ina mzigo. Kwa hilo kuna rangi: mahali pa kuchomeka kipande pako katikati ya jeni la lacZ, ukichomeka limevunjika, koloni inabaki nyeupe, usipochomeka bakteria anakata kemikali ya X-gal iliyo kwenye pleti na koloni inakuwa bluu kama gamba la kalamu ya bik. Unatafuta nyeupe. Ila angalizo, kipande kifupi sana kinaweza kuacha bluu hafifu, usikitupe haraka. BAC nyingi zinatumia rangi hizo hizo, sema dawa yao mara nyingi ni kloramfenikoli.

Kosmidi unaitambua kwa dawa kama plazmidi, na uchujaji wa urefu umeshafanywa na kichwa cha faji kwa iyo rangi siyo muhimu sana. Lambda haitoi koloni kabisa, inatoa vidoa vya uwazi kwenye zulia la bakteria, kila kidoa ni ukoo wa faji mmoja. Uzuri wa vidoa ni kwamba pleti moja kubwa ya milimita 150 unaweza kubana vidoa hata 50,000 na kuvihamishia vyote kwenye karatasi maalumu kwa mara moja, ukatafuta jeni lako kwa kipande chenye alama au kwa kingamwili. Kwa kutafuta sindano kwenye nyasi, hapa lambda ina heshima yake mpaka kesho.

YAC inachekesha kidogo. Hamira inayotumika ina kasoro inayoifanya iwe nyekundu, na YAC tupu ina jeni la kuifuta ile kasoro ikawa nyeupe. Ukichomeka kipande unavunja lile jeni, wekundu unarudi. Kwa iyo huku unatafuta nyekundu. Mtu aliyezoea pUC akihamia YAC anaweza kutupa dhahabu kwenye dastibini.

Mzigo unafika salama?

Hili watu hawaliulizi. YAC ndiyo yenye sifa mbaya zaidi, vipande viwili kutoka sehemu tofauti za genomu vinaungana ndani ya hamira, unasoma unadhani ni jirani kumbe mmoja wa Ukerewe mwingine wa Geita. Kwenye maktaba za YAC za mwanzo karibu nusu ya kloni zilikuwa na huu mchanganyo. Kosmidi zenye nakala nyingi na kipande chenye marudio marudio zinapenda kukata na kutupa. Hapa ndo uchache wa BAC unalipa: nakala 1 au 2 hazina wenzao wengi wa kubadilishana nao vipande, mzigo unakaa kizazi hadi kizazi. Ndiyo sababu mradi wa genomu ya binadamu uliiacha YAC ukaegemea BAC, na hata furu wa ziwa letu, Haplochromis chilotes, ametengenezewa maktaba ya BAC. Kuna na fosmidi, ambayo ni kosmidi iliyowekewa uti wa mgongo wa F, kb 40 hivi kwa nakala 1 au 2, mi naiona kama kosmidi iliyotulia, imeoa.

Tusiionee YAC lakini. Ile tabia ya hamira ya kuunga unga vipande ukiitumia kwa makusudi ni nguvu. Mwaka 2010 timu ya Craig Venter waliunga genomu nzima ya bakteria Mycoplasma ya kama besi milioni 1.08 ndani ya hamira. Hakuna E. coli wa kufanya hilo kirahisi.

Mfuko, friji na umeme

Sasa tuongee kama watu wa Mwanza. Plazmidi ni rahisi kuliko wote, na ikiwa DNA safi kwenye bafa inavumilia friji ya kawaida muda mrefu. Kinachouma ni bakteria walioandaliwa kupokea DNA, hao wanataka nyuzi hasi 80. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi umeme ulikatika Ijumaa jioni, jenereta likagoma, Jumatatu tumefungua mlango maji yanachuruzika na stoku ya miezi mitatu imekuwa uji. Tangu siku hiyo mi natengeneza bakteria wangu kidogo kidogo kwa kalsiamu, siku ninayowahitaji, ufanisi unashuka kidogo lakini silali na presha.

Mchanganyiko wa kufungia faji kwa lambda na kosmidi ni ghali, unatoka nje, unasafiri kwenye barafu kavu na ukiyeyuka njiani kutoka Dar huna kitu. Lakini faji zikishatengenezwa, friji ya nyuzi 4 na tone la klorofomu zinakaa miaka. Miaka. Kwa umeme wetu hiyo ni pointi kubwa ambayo vitabu havisemi. BAC inataka mashine ya shoti, jeli ile ya kubadilisha mwelekeo, na DNA ya samaki iliyotolewa ikiwa ndani ya vitofali vya agarosi, maana ukiinyonya na kuimwaga kwa pipeti mara mbili tatu inakatika kama tambi. YAC inataka hivyo vyote pamoja na chakula maalumu cha hamira na moyo wa subira.

Na yeyote utakayemchagua, mabaki yote yapite kwenye otoklevu, lile sufuria la mvuke wa presha, kabla ya kutupwa, usimwage kwenye sinki, sinki letu mwisho wake ni ziwani. Na ruhusa tafuta mapema, kuna kanuni za usalama wa viumbe za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira.

Nani achukue nini

Ukiwa na jeni moja fupi, chini ya kb 10, unataka kulisoma, kulibadilisha herufi au kulitengenezea protini, chukua plazmidi. Ukiwa mwalimu unataka wanafunzi waone kitu kwa siku mbili, plazmidi pia, weupe na bluu kwenye pleti unawafanya wanyamaze.

Ukiwa unatafuta jeni moja usilolijua kati ya malaki, una kingamwili yake au kipande kinachofanana nalo, na friji yako ni ya kawaida, angalia lambda kabla hujaidharau kama kitu cha wazee.

Ukiwa na eneo la kb 30 au 40, au umechota tope la ziwa unataka DNA ya bakteria wote waliomo bila kuwakuza mmoja mmoja, nenda kosmidi au fosmidi. Mi binafsi ningeenda fosmidi ila bajeti ndo itaamua.

Ukitaka eneo kubwa likiwa na swichi zake zote za mbali, au ramani ya kromosomu, na una mshirika mwenye vifaa, BAC. Kabla ya kuanza uliza kwanza kama maktaba ipo tayari mahali, kuagiza kloni moja ni nafuu mno kuliko kutengeneza elfu thelathini na moja. YAC ichukue kama mzigo wako umevuka kb 300 kweli kweli au unataka kuunga vipande vikubwa, na kuna mtu wa hamira karibu wa kukushika mkono.

Na kuna kundi la sita, wale ambao hawahitaji chombo chochote. Kama unataka kujua herufi za jeni tu, PCR, yaani kunakili DNA kwenye tyubu bila bakteria, na kutuma kusomwa inatosha, na mashine za kisasa zinasoma vipande virefu vya makumi ya kb moja kwa moja. Nilimwambia dogo hivyo kuhusu lile lengo lake la pili, akanuna kidogo maana alishaipenda BAC, alafu akalifuta akaandika kwamba ataomba kloni iliyopo.

Lengo la kwanza alienda na pUC19. Jana usiku kanitumia picha ya pleti, bluu nyingi, nyeupe kumi na moja, na kuzunguka zile nyeupe kuna vikoloni vidogo vidogo vyeupe kama chenga za unga, anauliza "kaka hivi navyo si ni vyeupe, nivichukue?" Nikamwambia hivyo acha. Wakubwa wametoa kimeng'enya cha kuvunja ampisilini mpaka nje, dawa imeisha pale pembeni, hao wadogo ni wapanda bure hawana plazmidi yoyote, ameacha pleti kwenye inkubeta muda mrefu mno. Chokonoa zile kumi na moja, kila moja tyubu yake, na usiku huu lala.